Nilijipa Kumi Kila Swali, Sasa Pumzi Sina

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na barua yangu usiitupe chini ya zile za akina dada waliokimbiwa na wachumba, maana mimi ni fundi baiskeli wa Bonga hapa Babati, miaka ishirini na mbili, shule niliishia la tano lakini kushona tairi lililochanika, zama hizi ambazo tairi jipya hulipati bila kibali cha serikali, hakuna wa kunifikia kutoka Nangara mpaka Bagara, waulize.

Shida ni kifua. Nimezaliwa na ugonjwa unaitwa sistiki faibrosisi, jina refu kuliko mimi mwenyewe, makohozi yanakuwa mazito kama gundi yanaziba mapafu, hauambukizi ila watu wanadhani ni kifua kikuu na kikombe changu hawakigusi, na tangu utoto kila asubuhi mama alikuwa ananilaza kifudifudi juu ya gunia la mahindi, kichwa chini, ananigonga mgongo kwa viganja alivyovikunja mpaka uchafu utoke, hiyo ndiyo tiba yangu kubwa, maana vidonge siku hizi vipo wiki moja, havipo wiki tatu. Mama alifariki mwezi wa tatu.

Sasa sikia ujinga wangu. Mwezi wa nne, kliniki ya hospitali ya misheni, walileta fomu ya kutupima sisi watu wazima wenye ugonjwa huu, tuko wawili tu, mimi na Leonia wa Bagara. Sista Kandida anasoma swali, wewe unataja namba, una uhakika kiasi gani kwamba utaweza, sifuri huwezi kabisa, kumi huna wasiwasi. Leonia akajibu mbili, tatu, mbili. Nikamwambia, "Dada, mbili? Hata kuku anayengoja kisu ana nne!" Akasema, "Cheka tu, Melki. Mimi nasema ninavyojisikia." Zamu yangu ikafika, nikavimba. Utaweza kula hata ukikosa hamu? Kumi. Utamwambia mtu ukizidiwa? Kumi. Una uhakika wa mtu wa kukugonga mgongo kila siku? Hapo nilikwama kidogo, Leonia ananitazama, nikasema, "Andika kumi, Sista, na kama ipo kumi na moja usininyime." Sista akacheka, akaandika.

Kumbe hayakuwa mashindano. Kwa kina Leonia Sista anakwenda kila Alhamisi, amemfundisha kaka yake kugonga, juzi nimemwona kanawiri mashavu. Karatasi yangu mimi imeandikwa "anajimudu," nirudi baada ya miezi sita. Mshauri, miezi sita siifikishi. Najilaza mwenyewe juu ya gunia lakini mkono haufiki mgongoni. Nikijaza upepo gurudumu moja nakaa chini, nawaambia wateja fundi mkubwa hana haraka. Elibariki, mwenzangu wa kibandani, ananiuliza, "We bwana, mbona unapumua kama pampu mbovu?" namjibu ni vumbi. Jana asubuhi nimetema damu kwenye kitambaa, nikakizika nyuma ya kibanda. Nikirudi kusema nilidanganya Sista ataniona mhuni, na Leonia atacheka mpaka akae chini. Mara nyingine nawaza basi, iishie hapa hapa, mama mwenyewe hayupo. Nifanyeje?

Melkiadi, Bonga, Babati

*

Melkiadi, marahaba. Pole kwa kufiwa. Naanza hapo kwa sababu naona hujampa mtu yeyote nafasi ya kukupa pole.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika. Uliulizwa kazi aliyokuwa anakufanyia mama yako, mwezi mmoja baada ya kumzika, ukaijibu kwa mzaha ili binti mmoja akutazame. Hospitali yenye wauguzi wachache na dawa haba ilikuwa inauliza waanze na nani. Ukawaambia wasianze na wewe, wakakuamini. Sista hana kosa.

Na huyo Leonia unayemwogopa alisema mbili huku wewe ukimcheka usoni. Kamwombe radhi.

Sitakudanganya. Sijui mapafu yako yamefikia wapi, na dawa siwezi kukuahidi. Lakini damu haizikwi nyuma ya kibanda, inapelekwa hospitali. Jibu hili nimelituma pia kwa posta kwa kuwa gazeti huchelewa kufika huko. Likikukuta mchana, ondoka mchana huo huo. Kabla ya kuondoka mwambie Elibariki kwamba si vumbi, na kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Mwende pamoja, afundishwe kugonga. Asikuguse mgongo kabla daktari hajakupima na kujua hiyo damu imetoka wapi. Mtu aliyekaa karibu nawe akasikia unavyopumua hatakimbia kwa sababu umemwambia ukweli, na akikimbia, kaka yake Leonia anajua kugonga.

Hilo la "iishie hapa hapa" mwambie Sista vilevile, kwa maneno hayo hayo. Usilipambe.

Ukifika, acha utani mlangoni. Mwombe atoe ile fomu akuulize yote upya, la kwanza mpaka la mwisho. Likija la mtu wa kukugonga mgongo, sema sifuri, tangu mwezi wa tatu. Halafu nyamaza, hata kama chumba kizima kinakutazama, mpaka amalize kuandika.