Nimefumua Kambare Wako

Nimelifumua vazi lako, Nekesa. Magamba yote ya mgongoni na ya mkono wa kushoto, gamba kwa gamba, nikayashona upya kwa cherehani yangu, na sasa jina lako halitasomwa jukwaani.

Haya, hata sijakusalimu. Hujambo, mwanangu? Sijui kama huko uliko watu hujuliana hali. Mimi sijambo ya mdomoni tu. Nakula nikikumbushwa. Tangu tukuzike, theluji ikiwa bado magotini, nimerudi kazini kule Fridley, kwenye makao ya wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawachekea, na shifti ikiisha nakaa kwenye gari bila kuliwasha mpaka vioo vinaingia ukungu. Mama Brian wa nyumba ya juu ndiye hunipigia simu: "We mama, washa hilo gari uje. Ugali unapoa."

Nakuandikia Kiswahili. Ulikuwa unakisikia chote na kunijibu Kiingereza, najua, lakini Kiingereza changu ni cha kazini. Hakina pa kuweka jambo hili.

Ilianza na Zuhura, rafiki yako Mtanzania. Alikuja na karatasi nne za masharti ya shindano la mavazi, lile la kongamano lenu la mashabiki, ambako watu wazima wenye kazi zao na mikopo yao ya nyumba hujivisha kama watu wa kwenye katuni na hakuna anayewacheka. Akaniambia kambare wako amebakiza kidogo tu kuisha, na mwili wako na wake ni mmoja, angemvaa yeye. Masharti yanaruhusu mvaaji awe mwingine, mradi aliyetengeneza atajwe. Alikuwa ameshaandika kuuliza kama aliyetengeneza anaweza kuwa marehemu. Mama mmoja msimamizi akamjibu kwamba inawezekana, mradi kazi iwe ya marehemu mwenyewe. Jina lako lingesomwa kwa kipaza sauti, ukumbi mzima ukisikia.

Unanijua, Nekesa. Jumapili ile ile nilisimama kanisani kabla mzee wa matangazo hajamaliza. Nikasema, "Mtoto wangu hajaisha! Ataitwa jina mbele ya watu elfu!" Nilijuaje kama ni elfu? Nilisema tu. Kina mama wakapiga vigelegele, wakachagua kitenge cha sare siku hiyo hiyo. Na yule mama wa Eden Prairie, anayehesabu digrii za watoto wake kama shanga, nikamfuata mpaka kwenye gari lake: "Wako ni daktari, sawa. Wangu ameshazikwa na bado anaitwa jukwaani. Sasa nani zaidi?" Mwanangu, nilirudi nyumbani Brooklyn Park nikiimba.

Nikamtundika kambare mlangoni nimwangalie vizuri. Sikuwa nimewahi. Ulipoanza nilikucheka, nikasema msichana mzuri hivi, kati ya malaika wote na malkia wote, anajifanya samaki mwenye masharubu. Lakini alikuwa mzuri, mama, wacha niseme. Yale magamba, ambayo kambare wa kweli hana, uliyoyakata kwenye mabaki ya vitenge vyangu, ya bluu yakienda yakififia mpaka kijivu. Masharubu ya waya yanayocheza mtu akitembea. Ni kichwa gani hiki nilichozaa, nilijiuliza.

Kisha nikageuza ndani nikaona mishono.

Ilikuwa imepinda. Mahali midogo, mahali mirefu kama ya mtu anayeshona gunia. Safu ya mwisho kule chini ilikuwa na uzi mara mbili, mnene, umevutwa mpaka kitambaa kimejikunja. Nikasema, huu ni uvivu. Nikaona aibu. Mimi niliyevalisha harusi tatu mwaka huu, mimi ambaye hakuna mwanamke wa kunishinda zipu kuanzia hapa mpaka mtoni, majaji wageuze vazi la mtoto wangu waone hivi? Nikachukua wembe. Nilitumia siku zangu zote za mapumziko, wiki tatu. Nilipomaliza lilikuwa limelala sawa kama ngozi. Ungeweza kulivaa ndani nje.

Zuhura alipokuja kujaza fomu nilimngoja mlangoni kama mtoto anayengoja zawadi. Swali la sita linauliza ni sehemu gani haikufanywa na mwenye kazi. Akaingiza mkono ndani ya vazi, akasimama. "Mama, hapa ameshona nani?" Nikamwambia kwa kujidai, "Mimi! Ona linavyolala!"

Msichana wa watu akakaa chini kwenye zulia. Hakunifokea. Ningetamani angenifokea.

Akatoa simu akanionyesha picha. Kumbe ulikuwa ukipiga picha kila siku, kwa sababu masharti yanataka kazi ionekane tangu mwanzo. Na kumbe ulikuwa umemwambia mambo ambayo hukuniambia mimi. Kwamba siku selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, ilipokukamata vidoleni ulishona hivyo hivyo, na siku hizo ndizo zile za mishono mirefu. Siku njema, mishono midogo. Kwamba mtu angeanza shingoni akashuka pole pole mpaka pindoni angeona mwaka wako wote, wiki ulizolazwa na wiki ulizotoka. Na uzi mara mbili kule chini ni kwa sababu uzi mmoja vidole havikuusikia tena.

Miaka kumi na moja nahudumia wagonjwa. Namjua mzee mwenye maumivu kwa anavyoshika kijiko. Mshono wako nikaukata kwa wembe na kuuita uvivu.

Nyuzi nilizifagia, Nekesa. Nilizitia kwenye mfuko na maganda ya viazi. Siku ile nilishuka bila koti mpaka kwenye pipa kubwa la maegeshoni, nikapanda juu ya matairi ya zamani nichungulie, na lilikuwa tupu, limeoshwa na mvua. Mama Brian aliniona kutoka dirishani akaja mbio akidhani nimerukwa na akili. Sijui kama alikosea.

Sasa kila nikikaa nakumbuka ya zamani. Ulikuwa na miaka saba, ukasukuma chapati yenye pembe, nikaichukua mkononi mwako nikaisukuma upya ikawa duara. Ukasema kwa Kiingereza chako hicho, "Mami, ile ilikuwa yangu." Nilicheka. Nilimhadithia kila mtu kama kichekesho. Nywele ulizojisuka mwenyewe nilizifumua siku ya picha ya shule. Kadi ya siku yangu ya kuzaliwa niliiandika upya kwa mwandiko wangu kabla ya kuibandika ukutani. Nilidhani mama hufanya hivyo. Nilidhani nakuongezea.

Mama Brian alitaka kunisaidia. "Andika jina lake tu," akasema. "Watajuaje? Mkono wa mzazi na wa mtoto si ni mmoja?" Nikalishika neno hilo siku mbili, lilikuwa tamu. Hata Zuhura alisema angenyamaza nikitaka. Lakini nilikumbuka mwaka juzi, ulipoenda na lile gauni la manyoya. Ulipofika kwenye swali hilo hilo ukaandika, zipu imetiwa na mama yangu. Zipu moja! Ukakosa alama, ukakosa nafasi, na tukiwa njiani nikakugombeza kutoka katikati ya mji mpaka nyumbani. Nikasema, "Nani alikutuma kusema?" Ulitazama dirishani, ukajibu kwamba ukishinda na kazi yangu, watakuwa wamenishangilia mimi.

Basi nikaandika. Mgongo wote, mama yake. Mkono wa kushoto, mama yake. Swali la nane likauliza kama kuna aliyeshona humo ambaye hulipwa kwa kushona, nikaandika ndiyo, na nikaweka na zile harusi, kwa mazoea tu ya kujisifu. Zuhura akatuma.

Yule msimamizi alinipigia mwenyewe. Mzungu mwenye sauti ya upole. Akasema ni shindano la wasiolipwa kwa kazi hii, na kwamba sehemu iliyobaki kuwa kazi yako ni ndogo kuliko inayotakiwa. Akasema amesikitika sana. Nikamuuliza kama wanaweza kusoma jina tu, bila alama, bila zawadi, hata mwishoni watu wakiwa wanatoka. Nilimsikia akivuta kamasi. Akasema vazi watakaloliona watu si vazi lako tena, na hataki kuwadanganya kuhusu wewe. Nikamwambia asante. Niseme nini? Alikuwa amekulinda kuliko mimi.

Sikuweza kukaa na vazi lile chumbani. Nimelikunja, liko kwa Zuhura. Naogopa kulirudisha na naogopa kulitoa.

Kuna wakati nakaa kitandani kwako nikitafuta kitu chochote ambacho sikukigusa, na sipati. Mashati nilipiga pasi. Shuka nilifua wiki ile ile ya mazishi, mjinga mimi, ili wageni waone nyumba safi. Harufu yako niliitoa kwa sabuni.

Juzi nilifungua mfuko wa plastiki tuliopewa hospitalini. Nilikuwa sijaufungua. Kulikuwa na malapa yako, chaja, na ile glavu ya mkono wa kulia ya kambare. Ulikuwa ukiishona kitandani. Vidole vinne vina magamba, yamekaa upande upande, na kidole gumba kiko nusu, sindano bado imechomekwa na uzi unaning'inia. Uzi mara mbili.

Niseme ukweli? Jambo la kwanza mkono wangu ulilofanya ni kuishika ile sindano. Magamba matatu tu, Nekesa, dakika tano. Niliiachia nikaenda nikakaa bafuni, nikafunga mlango kama mtu anayekimbia mwizi.

Kina mama wanajua tayari. Niliwaandikia kwenye lile kundi la simu kwamba hakuna jukwaa, hakuna kusomwa jina, na sababu ni mimi. Nilingoja wanicheke. Mama wa Eden Prairie ndiye aliyejibu kwanza: sare zimeshashonwa, akauliza, tunazivaa twende wapi? Nikasema njooni kwangu. Sitawapikia sana, sina nguvu hizo. Nitaweka glavu mezani. Nitawaeleza nilichokifumua, kwa mdomo wangu huu huu niliotangazia, na kila mmoja ataingiza mkono ndani aguse. Hawajui kitu kuhusu mashindano yenu, lakini mshono wa mtu anayeumwa wataujua, wengi wao ni wauguzi.

Sina faraja ya kukupa. Sijui kama mama anaweza kusamehewa na mtu asiyeweza kujibu. Ahadi ninayo moja, na nimeiandika hapa ili inibane: kidole gumba kitabaki nusu. Sitakimaliza mimi, hatakimaliza Zuhura, na siku nikifa watakikuta hivyo, na sindano yake.

Lala, mama. Lala, fundi wangu. Wote wanakuja Jumamosi, saa nane mchana.

Mama yako