Mkato kwenye Nguzo ya Daraja

Jumatatu, 3 Februari

Arobaini na tano. Nimeipaza namba ya maji darajani saa moja asubuhi, kama Baba alivyoipaza miaka yote kabla macho hayajamwacha. Kanuni anaijua hata mtoto: ubao wa kipimo ukionyesha chini ya arobaini, sisi watu wa juu tunafunga mfereji wetu siku tatu, mto uwashukie watu wa chini. Arobaini na tano — hatufungi.

Mama Miche, wa watu wa chini, alisimama upande wao wa daraja na ndoo tupu. Akauliza kama ubao wetu unakunywa maji kwa niaba ya mto. Wenzake wakacheka. Nawachukia wakicheka. Nawachukia zaidi wa kwetu wanaponipongeza, kana kwamba mto nimeuzaa mimi.

Jumatano, 5 Februari

Nimeshuka hadi kwao. Sijafika huko tangu nimalize shule. Njiani kuna lile jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala. Zamani maji yalimfika tumboni. Leo amelala mchangani. Hapo ndipo shaka ilipoanza. Watu wanaweza kudanganya. Jiwe litadanganya kwa faida gani?

Hakuna aliyenikaribisha hata kigoda. Mama Miche alinionyesha vitalu vyake, miche imejikunja kama karatasi iliyoungua.

"Aliye juu mngoje chini, eti," akasema. "Tumengoja miaka mitatu, binti. Mnashuka lini?"

Alhamisi, 6 Februari

Nimeona. Bora nisingeona.

Chini ya ngazi ya chuma, kwenye jiwe la nguzo, kuna mkato wa waliojenga daraja. Umeota majani ya kijani. Nimeukwangua kwa ufunguo. Kando yake wamechonga 40. Kwenye ubao wetu, mkato huo unalingana na hamsini na tano!

Mafuriko ya miaka mitatu iliyopita yaling'oa ubao wa zamani. Aliyepigilia huu ni Baba. Kaupigilia chini mno. Kwa hiyo arobaini na tano yetu ni thelathini. Miaka mitatu tunakunywa maji ya watu na kuwaita waongo.

Nimemuuliza akiwa anakula. Akatafuna mpaka akameza. Akasema siku ile maji yalimfika kifuani, tope tupu, mkato hauonekani, akakisia. Sawa. Na maji yalipopungua, Baba?

Akaniomba chumvi. Ilikuwa mbele yake.

Ijumaa, 7 Februari

Baba mdogo, mlinzi wa mfereji, kaja kabla sijapiga mswaki. Baba keshamweleza.

"Mwanangu, kabichi zimebakiza wiki mbili. Wewe soma ubao. Jiwe si kazi yako."

Nikamwambia jiwe ndiyo kazi. Akasema shule imeniharibu, nimesoma mpaka naona yasiyonihusu. Kisha, mlangoni, kwa upole, na upole wake ndio mbaya: nikilisema hilo nitakuwa nimemvua baba yangu nguo darajani.

Nimekaa na sentensi hiyo mchana kutwa. Ni kweli. Natamani ingekuwa uongo nimrudishie.

Jumamosi, 8 Februari

Nimepaza: thelathini, kwa mkato wa jiwe. Nikaeleza kuwa ubao wa Baba uko chini mno.

Namba ikishapazwa haifutwi. Nilidhani watu wa chini watashangilia. Mama Miche akaanza kuhesabu kwa vidole vitalu vilivyomkaukia, na vidole havikumtosha.

Ndipo Baba akaja. Sikumwita. Akashika ukuta wa daraja, akaitafuta ngazi kwa mguu, akashuka. Sasa yuko chini, maji yanamfika magotini, kidole chake ndani ya mkato. Baba mdogo anamwambia, "Panda, kaka, maji baridi hayo." Hapandi. Na Baba mdogo mwenyewe haendi kufunga mfereji. Koleo liko begani tu.

Mama Miche ameinama ukutani. Ameuliza taratibu, nami ningependa angetukana.

"Mzee, tunakubali lilikuwa kosa. Lilikuwa kosa mpaka lini?"

Nimekaa juu ya ukuta, naandika humu kwa sababu kwenye daftari la kipimo mkono umegoma. Watu wote wanamtazama Baba. Ameinua uso, anaugeuza huku na huku. Haoni niliko. Anasubiri niseme kitu, na mimi naandika.