Mwandishi wa Upande wa Pili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu humu. Hofu yangu iko kwenu. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na Mama bado anagombana na cherehani yake kana kwamba ni mke mwenza?

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu unanikatiza, Baba, na unajijua. Haya ninayotaka kusema, nikikatizwa mara moja tu sitarudi kuyamalizia. Kwa hiyo kaa, vaa miwani, na umwombe Mama asisome begani kwako mpaka umalize.

Mama ameniambia kwamba huandiki tena. Anasema mashine ya kurudufu umeifunika shuka, karatasi umewagawia watoto wa jirani wachoree, na ukiulizwa unajibu kwamba mwalimu asiyehakiki kazi yake aweke chaki chini. Niliposikia hivyo nilikaa kwenye ngazi za ofisi. Miaka ishirini ya vijitabu, kurasa nane nane, herufi kubwa ili wazee wasome, leo viishe kwa shuka?

Mimi nimelelewa na vijitabu hivyo. Ulikuwa ukimsomea Mama kila aya huku anashona. Hukumuuliza chochote, ulisikiliza mguu wake tu. Cherehani ikiendelea, sentensi imepita. Mguu ukisimama, ulifuta ukaanza upya, na Mama akiuliza kwani amesema nini, unamwambia amesema mengi.

Ndivyo ulivyoueleza mkataba wa maji hata fundi baiskeli wa pale kona akauelewa. Kwamba kampuni ya ng'ambo itauza maji ya mto wetu kwa miaka arobaini, na serikali ikithubutu kupunguza bei, kampuni itaishtaki huko nje, mbele ya waamuzi ambao yenyewe imeshiriki kuwachagua. Uliandika kwamba huyo ni mpangaji anayehamia kwako na hakimu wake. Ukaeleza na sababu: nchi yenye kampuni hiyo ilitupa mkopo na magari ya kijeshi, na sisi tukashukuru kwa kunyamaza. Mataifa yalipopiga kura kulaani vita ambavyo nchi hiyo inapigana na jirani yake, balozi wetu hakuonekana ukumbini. Wewe ukaandika kwamba maskini balozi alibanwa na haja, na wananchi tuna haki ya kujua nani alimnywesha maji mengi hivyo. Nilicheka peke yangu, kisha nikaangalia mlangoni kama kuna aliyenisikia.

Halafu akatokea Jirani Mwema gazetini. Humjui sura, lakini mmejibizana mwaka mzima. Ndiye aliyesema kwamba nchi ndogo haigombani na mkopeshaji wake, na kwamba kelele hazichoti maji. Maneno hayo yalienea mpaka fundi baiskeli akakurushia usoni, naye vijitabu vyako alikuwa anavipata bure! Nawe, kwa uungwana wako, hukumtukana mtu huyo hata siku moja. Ulimwita Mwandishi wa Upande wa Pili. Nilipokuja likizo ukaniambia kwamba anaandika vizuri, bila shaka amelelewa na mtu anayependa kusoma, na ungefurahi siku moja mkae muongee. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu ambavyo nilikuwa nimeshavifunga.

Baba, Jirani Mwema ni mimi.

Situnzi mafaili wizarani kama nilivyowaambia. Nilianza hapo, kweli, lakini mkuu wa kitengo cha habari aliona taarifa niliyoandika, akasema nina kipaji cha kusema mambo mazito kwa wepesi. Sikumwambia nimekipata wapi. Nikapandishwa cheo, nikapewa meza ya dirishani, na kila makala nikawa namsomea mama anayesafisha ofisi zetu. Akiendelea kudeki, najua imepita. Akisimama, nafuta. Ndiyo, Baba. Nilichukua kipimo chenu cha nyumbani nikaenda kukitumia kulainisha uongo.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Kuna kijitabu cha mwisho, kile cha visima. Kabla hujakichapa ulinisomea pale sebuleni, ukaniambia kwamba mimi naishi karibu na makaratasi ya serikali, nikuoneshe kama kuna kosa. Ulikuwa umeandika kwamba mkataba unapiga marufuku visima vya watu binafsi. Ukurasa uliopewa ulitoka kwenye rasimu ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu mkataba wenyewe, uliotiwa saini, na marufuku ile ilikuwa imeshaondolewa. Nilijua papo hapo. Nikakwambia imenyooka, Baba, chapa. Mama aliacha kushona akaniangalia. Sikumtazama tena machoni mpaka nilipopanda basi.

Kilipotoka, Jumatatu yake nikaandika makala ya kukuumbua. Nilikuita Mzee Mtunga Visima. Mtaa mzima ukacheka, na kwenye mkutano wa wakazi ukazomewa na watu ambao wengine uliwafundisha wewe kusoma. Walipouliza nani alihakiki kijitabu, Mama anasema ulisimama na goti lako hilo ukajibu kwamba ni wewe mwenyewe. Hukunitaja. Uliogopa nisije nikapoteza kazi. Kazi hiyo hiyo, Baba!

Sasa nisikilize. Ulihakiki. Ulimuuliza mtu anayejua, na mtu huyo akakudanganya. Akili yako haijachakaa na uzee haujakupiga chenga. Aliyekosa ni mimi, na naona aibu hata kuandika hivi kwa mwandiko ulionifundisha mwenyewe.

Najua utauliza kwa nini nasema leo. Wiki iliyopita nilipewa kifungu kilichoziba nafasi ya ile marufuku, ambacho mwanzoni sikujishughulisha kukisoma, nikiandalie maneno matamu. Visima havifungwi, kumbe. Vinawekewa mita ya kampuni, na mwenye kisima atalipia kila ndoo anayochota uani kwake. Yaani ulikosea kifungu, Baba, lakini hukukosea jambo. Nilimsomea yule mama msafishaji. Akasimama. Akaniuliza kama hata kisima alichochimba na marehemu mumewe, mume akiwa chini na yeye juu akivuta udongo kwa kamba, nacho kitawekewa mita. Nikamwambia ndiyo. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama mtu anayeyaandika haya ana wazazi, kisha akaendelea na kazi yake. Nilirudi mezani nikafuta yote, na safari hii sikuanza upya.

Jana niliacha kazi. Ndani ya bahasha utakuta kifungu chote nilichokinakili kutoka kwenye mkataba wenyewe, na ukurasa mmoja wa maelezo. Chini yake nimeandika Jirani Mwema ni nani na alikufanyia nini, nikaweka jina langu kamili pamoja na la ukoo. Bunge linakaa mwisho wa mwezi kuuridhia mkataba, kwa hiyo muda upo, ingawa ni kidogo. Wanaweza kunishtaki kwa kutoa nyaraka. Nimelifikiria hilo, na naogopa, tena sana. Lakini uso wako ndio ninaouogopa zaidi.

Nakuomba uandike, Baba. Anza na kosa langu, usinifiche tena, maana watu wakijua ulivyodanganywa watakusikiliza kwenye kifungu. Na usinipunguzie maneno. Wewe ni mpole mno kwa watoto wako, na upole huo ndio nilioutumia kukuangusha. Nimekukosea, na nakupenda, na sijui kuyasema hayo mawili kwa pamoja ila hivi.

Nisalimie Mama, umwambie sasa anaweza kusoma. Majirani nao wasalimie, hata waliokuzomea, kwani niliwatuma mimi. Msamaha siuombi kwa barua. Nitafika Jumamosi kwa basi la asubuhi niuombe kwa mdomo wangu. Ukinifukuza sitabishana nawe. Nitaenda kulala kwa shangazi. Jumapili nitapiga hodi tena. Ukinifukuza, nitapiga Jumatatu. Kazi sina, Baba, nafasi ninayo tele.

Ni mimi mwanao, mwandishi uliyetaka mkae muongee,

Kitindamimba wako.