Kali Haikuwa Pombe, Japheth

Mwaka umetimia, Japheth, tangu moyo wako usimame ukiwa zamuni kule The Pearl, Machi 2013. Nyumba yetu ya Al Wakrah, hapa Qatar, bado haijazoea Ijumaa bila kicheko chako.

Ulisonga ugali wa watu kumi na watano kwa sufuria moja, na kila mgeni ulimsindikiza hadi barabarani. Kanisani Mesaimeer ulipiga isukuti, ngoma ya kwetu, mpaka akina mama wa Kiganda wakavua viatu.

Kisha siku moja ukamwambia dada yako Nafula, "Leo jioni msiningoje. Nina kali kwa Rodel," yule Mfilipino mlinzi mwenzako.

Nafula akashika kiuno. "Kali! Qatar hii? Unataka kurudishwa nyumbani na pingu?"

"Dada, kali ni mchezo wao wa vijiti. Wa kupigana."

"Ee, na walevi wa kwetu huiita mchezo vilevile!"

Ukacheka, ukidhani anatania. Kumbe alishakuona mlangoni kwa Rodel: mbele, nyuma, pembeni, unayumba. Kabla ya Ijumaa nyingine habari ilikuwa Mesaimeer, ilikuwa nyumbani Bungoma, na ngoma ukapokonywa. Hata ulipofariki, sisi wa damu yako tuliuliza kwanza kama ulikuwa umekunywa.

Siku ya kukuaga, Rodel alikuja na fimbo mbili fupi za henzerani. Akazigusisha kwenye paji la uso, kisha kifuani, akaanza kuyumba vilevile mbele ya jeneza. Babu yake, alisema, alimfundisha kupigana kwa kumchezesha ngoma. Miguu ni ileile, na salamu ile ni ya waliotangulia. "Japheth aliniambia isukuti pia huwaita wazee. Tulikuwa tunafundishana."

Nafula hakujua atazame wapi. Wala sisi.

Tunaona haya, ndugu yetu. Basi yeyote aliyesikia kwa Nafula kwamba Japheth ni mlevi, na asikie kwa Nafula huyohuyo: hakuonja hata tone. Alikuwa akicheza, na kucheza kwake kulikuwa sala. Nanyi waambieni jirani zenu, upesi kama mlivyoambiana lile la kwanza.

Unakumbukwa na mama yako Nekesa, dada yako Nafula aliyeandika haya, shemeji yako Arnold, mdogo wako Eugene, na Rodel, ambaye sasa tunamhesabu wa nyumbani.

Tutakukumbuka daima, Japheth, na safari hii kwa jinsi ulivyokuwa kweli.