Pakiti ya Sanamaki

Oran, 3 Machi 1982

Mama yangu,

Shikamoo. Baba hajambo? Magoti yako je, baridi ya mlimani imeyaachia? Sisi wazima, mkweo Akli anakusalimu. Ila nina jambo la aibu: choo kimegoma. Leo siku ya sita! Tumbo gumu, na mama mkwe ananishindilia mkate mweupe na mayai ya kuchemsha. Hata harufu ya kahawa siitaki. Nitumie ile dawa yako ya majani uliyompa Baba. Na barua hii usimsomee mtu.

Mwanao, Feruja

Kijijini, 11 Machi

Mwanangu Feruja,

Marahaba. Magoti yanalalamika lakini kisimani yananifikisha. Nimecheka mpaka baba yako akauliza kuna nini. Siku sita! Unafuga nini humo ndani? Mokrane wa jirani anarudi kazini huko kesho, nimempa pakiti ya sanamaki. Chemsha majani yake ya kujaa kiganja, unywe kikombe kizima, na usiende mbali na nyumba. Baba yako alikimbia akaacha kiatu.

Mama yako

Kijijini, 13 Machi

Feruja,

Salamu baadaye. USINYWE! Leo nakaanga kahawa, neno lako likanijia. Wewe, uliyeonja kahawa kabla ya kuota meno, leo huitaki? Una mimba wewe? Kama unayo, sanamaki ni kali, inakamua tumbo, mjamzito hainywi bila kumwuliza mkunga. Na Mokrane keshaondoka! Mimba mbili zilishakutoka, mwanangu, na pakiti hii nimeifunga kwa mikono yangu. Baba yako anateremka posta na mvua yote hii. Niandikie hata neno moja.

Mama yako

Kijijini, 26 Machi

Feruja, siku kumi na tatu. Chakula hakipiti. Niambie lolote, hata liwe baya.

Mama yako

Oran, 30 Machi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, na unisamehe. Barua zako mbili za mwisho zimefika jana kwa pamoja, nimezisoma nikilia. Kula, Mama, mimi mzima!

Ndiyo, nina mimba, mwezi wa tano. Mara mbili tulitangaza mapema, ndugu wakaja na vifijo, mara mbili nikazika furaha yangu. Safari hii nikaapa simwambii mtu mpaka itulie, jicho lisije likatupata. Hata wewe nikakuficha, wewe unayeniombea kila swala. Ujinga mtupu!

Choo kilikuwa kimepita kidogo kikagoma tena, basi sanamaki ilipofika niliichemsha, nikaiacha ipoe dirishani. Akli akarudi, akadhani chai, akamaliza yote. Lo! Kutwa nzima mlango wa choo ulikuwa wake, na mama yake nje anamsomea dua. Nilicheka, kisha nikaogopa: ile ingekuwa tumboni mwangu. Kesho yake nikaenda kwa mkunga. Akanigombeza, akasema mimba yenyewe hufanya utumbo uwe mvivu, na vidonge vya kuongeza damu ninavyomeza hufunga choo, ila nisiviache. Ninywe maji mengi, nile mkate wa shayiri na tini zilizolowekwa, nitembee kila jioni. Siku ya nne, Mama, mambo yakafunguka! Nilitoka chooni naimba.

Sasa sikiliza. Nilipokuwa naandika hapo juu kalamu iliniponyoka. Mtoto amecheza, mara mbili. Akli yuko kazini, mama mkwe yuko sokoni, hakuna anayejua. Nimeanza na wewe.

Mwanao, Feruja