Zimetulia au Zimekufa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta barazani, mguu umeuinua juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, na si shambani. Mama hajambo? Mwani umekubali msimu huu, au joto limeuharibu tena? Mimi huku Norwe ni mzima, alhamdulillahi, ila kichwa hakijakaa sawa, na wewe hutaki kushika simu. Kila nikipiga nakusikia kwa mbali, "Mwambieni nimelala." Basi nimeandika. Barua nampa kijana wa Kaole anayerudi kuoa, ataileta mwenyewe hadi Mlingotini.

Dada Rehema amenifikishia swali lako: "Dawa yangu imefanya kazi huko Ulaya au haikufanya? Anijibu neno moja." Nimelitafuta hilo neno moja, Baba, sikulipata. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Kazi yetu maabarani ni kukuza seli za samaki, vile vipande vidogo kabisa vya mwili ambavyo jicho halivioni bila darubini. Tunavikuza kwenye visahani. Samaki wa kufugwa huku wanaugua, na watu wanatafuta mimea ya kuwapunguzia uvimbe. Kwa hiyo tunazichokoza seli kwa sumu ya vijidudu, nazo zinatoa ishara ya hatari. Ishara hiyo ndiyo inayoleta joto na kuvimba mwilini. Nikasema, kwa nini nisijaribu mwarobaini wa nyumbani? Ukaanika majani, ukanitumia. Nilipozimiminia seli maji yake, ishara ilipungua, ikakaribia kunyamaza. Nilikupigia simu palepale. Nakumbuka ulivyomwita Mama: "Njoo usikie! Mwanao kapima, kweli tupu!"

Siku chache baadaye msimamizi wangu, mama mmoja mpole aitwaye Ingrid, akatazama matokeo akaniuliza, "Zuhura, zimetulia au zimekufa?"

Sikumwelewa. Akasema kilichokufa nacho hakitoi ishara. Nikatia rangi inayoonyesha seli ipi hai na ipi mfu. Kwenye maji mazito ya majani, nyingi zilikuwa zimekufa. Kwenye mepesi, zilikuwa hai na zimetulia kweli. Nikarudia, na hata yale mepesi hayakutuliza kitu. Nikarudia tena, yakatuliza. Majani yaleyale, mikono ileile! Nikayaandika yote daftarini, na alama ya kuuliza pembeni.

Nikiwa bado naandika, Rehema akapiga. "Baba ameacha vidonge vya maumivu ya mguu alivyopewa hospitali," akasema. "Anachemsha mwarobaini hadi unakuwa mweusi kama kahawa, anakunywa asubuhi na jioni. Anasema mguu hauumi tena."

Nikataka kufurahi. Kisha akaongeza, "Ila jana gamba la chaza limemwingia unyayoni, akatembea nalo, hana habari. Mimi ndiye niliyeona damu mkekani."

Baba, niliinuka palepale. Swali la Ingrid lilinirudia, na halikuwa tena juu ya samaki, bali juu ya mguu wako. Ndiyo maana nilipiga kelele kwenye simu kwamba upelekwe hospitali Bagamoyo siku ileile, hata kwa kubebwa. Najua ulikasirika. Rehema anasema njia nzima hukumsemesha, na daktari alipokwambia ni sukari, imekula mishipa ya hisia, ulisema, "Zuhura ndiye aliyesema dawa nzuri, na Zuhura ndiye anayenileta hospitali. Nimfuate yupi?"

Hata mimi najiuliza hivyo hivyo. Sijui kama mwarobaini ulikusaidia. Sijui kama ulikudhuru. Daktari anasema ganzi ilianza zamani, basi huenda hauhusiki kabisa. Kuna siku naamini Bibi alijua alichokuwa akitunywesha alipotuchemshia mwarobaini utotoni, na kuna siku naogopa kugusa yale majani yaliyobaki kabatini. Ingrid anasema tutaendelea kupima, na hata tukipata jibu litakuwa la samaki, si la mtu.

Kwa hiyo neno ulilolitaka ni hili: sijui. Lakini kidonda chako hakiwezi kunisubiri mimi nijue. Meza vidonge vya sukari, Baba. Mwarobaini uweke kando mpaka daktari akuruhusu, na umweleze kwamba ulikuwa unaunywa, usimfiche.

Nisalimie sana Mama, mwambie namkumbuka kila nikionja samaki wa huku wasio na ladha. Dada Rehema namwomba asichoke kukusafisha kidonda. Salamu kwa shangazi wa Makurunge na mjomba anayetusomea dua.

Nasikia muuguzi akikubonyeza vidole vya mguu akauliza, "Unasikia?", unajibu "Nasikia" hata kabla hajakugusa. Nakuomba, Baba, nami sitamwambia mtu. Kama husikii, mwambie husikii.

Mwanao anayekuombea usiku na mchana,
Zuhura