Pumzi Nilizozikata

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na shemeji na watoto hawajambo. Sisi huku hatujambo, ila mke wangu analalamika kwamba magodoro yote ya nyumba bado yameegemezwa kwenye kuta za chumba changu cha kurekodia, na mgeni akija hana pa kulala.

Kwanza kabisa, asante. Uliacha cherehani siku mbili nzima ukaja kuimba, wala hukuuliza utapata nini. Albamu imekamilika: nyimbo kumi na mbili, za wanamuziki wasio na kampuni wala meneja, kila mmoja katoa wake bure ili kliniki ya kifua ipate mashine za kuwavutisha wagonjwa dawa. Waliotangulia kuagiza nakala wameshawezesha mashine mbili kununuliwa. Daktari ananiambia foleni ya asubuhi imepungua.

Sasa nikusimulie ya wimbo wako. Unaijua kazi yangu. Mwimbaji akishaondoka, nakaa kwenye kompyuta nikiondoa pumzi anazovuta kati ya mstari na mstari, ili wimbo utoke safi. Wako niliusafisha kwa saa nne nzima. Nikamwita yule kinyozi aliyekupigia gitaa aje ausikie. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia aache utani, ni dada yangu. Akasema dada yangu alisimama pale pale, akavuta pumzi kwa taabu kabla ya kila mstari na bado akaimba, hadi yeye kwenye gitaa akatokwa na machozi; huyu wa kwenye kompyuta hamjui. Kisha akauliza, bila hata kupandisha sauti, inakuwaje tunawachangia watu wanaotafuta pumzi halafu mimi nazitupa.

Nilinuna, unanijua. Lakini nilizirudisha zote, moja baada ya nyingine, pamoja na ule mluzi mdogo wa kifua chako kabla ya kiitikio.

Jumatatu daktari aliuweka wimbo huo pale wanaposubiri wagonjwa. Mama mmoja, aliyekuwa amemshikia bintiye kifuniko cha dawa puani, akauliza kama anayeimba naye ana pumu. Alipoambiwa ndiyo, aliomba urudiwe. Binti akatulia, akawa anavuta dawa huku akisikiliza. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari, nikashika simu nikupigie, nikashindwa.

Nilishindwa kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni miaka kumi na sita. Uliamini kwamba kiongozi wa ile bendi alikuacha nje ya albamu yao kwa kuwa alipata sauti nzuri kuliko yako. Si kweli, dada. Alikutaka wewe. Aliniuliza mimi, kwa kuwa ni ndugu yako na ndiye niliyepewa kuirekodi, kama ungeimudu albamu nzima. Nikamwambia kifua chako kitatuharibia kazi. Yeye wala hakuwa amekisikia. Mimi ndiye niliyekisikia, kwa sikio nililolipata kwako, tangu mama aliponikabidhi kazi ya kukusikiliza shuleni ili kifua kikibadilika nikimbie kumwita. Ile ilikuwa rekodi yangu ya kwanza, nikataka isifiwe. Ikasifiwa. Siku ya uzinduzi ulinipigia pasi shati, ukanitakia heri, ukarudi kwenye cherehani, na sikukusikia ukiimba tena mpaka mwezi uliopita.

Nisamehe ukiweza. Naona aibu, na bado nakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Uzinduzi wetu ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri. Wenzako wamekubaliana wewe ndiye ufungue, na mimi nimepangiwa kukutambulisha. Siwezi kusimama mbele ya watu nikajivunia sauti niliyoinyamazisha mwenyewe, nawe hujui. Ukitaka, kinyozi yuko tayari kukutambulisha. Na kama hutaki hata kuniona, nitaunganisha mitambo asubuhi, nimwachie yeye, niondoke kabla hujafika. Lakini njoo uimbe.

Msalimie sana shemeji, na watoto waambie mjomba anawakumbuka. Wifi yako anakusalimu. Nilimweleza haya jana, na tangu hapo hanisemeshi. Yuko upande wako.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Masikio